ULIZA UJIBIWE: Watu wa redio na watu wa rashasha kwenye ndege za mabomu

Toleo lililopita niligusia kidogo ndege kubwa za mabomu za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nikasema rubani ndo anaepigwa picha lakini ndege haikua yake peke yake. Kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yamemiminika na karibu yote yanawahusu watu wawili, yule anaekaa na redio na yule anaekaa nyuma ya rashasha. Yanayofanana nimeyaunganisha, barua ndefu nimezikata, msininunie.

SWALI: Shikamoo mzee. Naona kwenye picha za zamani ndege moja imepangiwa watu kumi mbele yake. Si rubani na msaidizi wanatosha? Hao wengine walikua wanafanya nini humo ndani? (Mpenda Ndege)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao kumi ni wa B-17 ya Wamarekani. Hesabu: rubani na msaidizi wake, navigeta wa kuonyesha njia, mlenga mabomu, fundi wa injini ambae pia anashika rashasha za juu, mtu wa redio, mmoja chini ya tumbo la ndege, wawili kwenye madirisha ya ubavuni na mmoja mkiani. Ukiangalia vizuri, karibu nusu ya hao wako pale kwa ajili ya kuwalinda wenzao tu. Waingereza na Lancaster yao walikua wanaenda usiku, wakabana, watu saba basi, rubani mmoja bila msaidizi, wa redio mmoja, wa rashasha wawili, mmoja mgongoni na mwingine mkiani. Puani kulikua na rashasha pia ila hizo alizishika mlenga mabomu ikibidi. Baadae mwaka 1944 hata Wamarekani wakaanza kwenda na tisa, mmoja wa madirishani akapunguzwa.

Wengi wao walikua masajenti, sio maofisa, na wengi walikua vijana wa miaka 19, 20, 21. Waingereza mwaka 1940 walipitisha kwamba anaeruka vitani cheo chake kianzie sajenti, kabla ya hapo mtu wa rashasha alikua anaweza kurudi kutoka juu ya Ujerumani alafu mchana anatumwa kufagia karakana.

SWALI: Mzee wangu, nimesoma kwamba zile ndege zilikatazwa kuongea redioni zikiwa zinaenda. Sasa huyu mtu wa redio alikua anabebwa wa nini? (Mzee wa Masafa)

JIBU: Hapa ndo penye utamu na ntakaa kidogo. Kazi yake kubwa haikua kusema, ilikua kusikiliza. Ukibonyeza tu kurusha mawimbi, kule Ujerumani kuna watu wamekaa na mitambo ya kutafuta mawimbi yanatokea upande gani, wanakungoja wewe. Kwaiyo jamaa anakaa masaa sita, saba, hata nane, hedifoni masikioni, injini nne zinanguruma, yeye ananasa nukta na mistari ya Morse kutoka Uingereza. Kila nusu saa makao yanatuma tangazo, humo mnaambiwa kama upepo umebadilika, kama mnaitwa mrudi, na saa nyingine hakuna jipya kabisa ila ndani yake wameweka namba ambayo lazima uiandike kwenye daftari lako. Asubuhi mkitua ofisa wa mawasiliano anafungua daftari anatafuta zile namba, kama moja haipo basi ulisinzia au ulihama masafa ukaenda kusikiliza muziki, ujieleze.

Kwenye Lancaster alikaa na mitambo miwili mbele yake, ya kampuni ya Marconi, mmoja wa kupokea unaitwa R1155 na mwingine wa kurusha, T1154. Huo wa kurusha una vifundo vya rangi, bluu, nyekundu na njano, kila rangi na masafa yake. Na bahati yake ni moja, hewa ya moto ya ndege ilikua inatokea pale pale alipo, yani wenzake wanatetemeka yeye anatoka jasho, na ugomvi wa kufungua au kufunga ule moto kati yake na navigeta haukuishaga mpaka vita inaisha.

Alafu kuna vitu ambavyo watu hawavisemi. Kimoja Waingereza walikiita Tinsel. Mtu wa redio anapewa kipande cha masafa, anazungusha taratibu anatafuta sauti ya Mjerumani wa chini anaemwelekeza rubani wake wa usiku, geuka kushoto, panda, adui yuko mbele yako. Akimpata, anaweka mtambo wake wa kurusha kwenye masafa hayo hayo alafu anafungulia maikrofoni iliyofungwa kwenye injini ya ndege yao. Mjerumani anapigiwa ngurumo ya injini masikioni, hasikii tena maelekezo. Hapo yule kijana anajua kabisa kwamba kwa kurusha amejitangaza alipo, na anafanya.

Kikosi namba 101 kilienda mbali zaidi, kilikua kinabeba mtu wa nane anaejua Kijerumani, kazi yake ni kukaa na kiskrini kidogo, kuona masafa gani yana maongezi, kuhakikisha kwamba ni Kijerumani kweli, alafu kuyavuruga. Baadhi yao walikua Wayahudi waliokimbia Ujerumani kabla ya vita, fikiria mtu kama huyo akidondokea kule chini akakamatwa. Kikosi hicho kilipoteza watu kuliko kingine chochote cha Waingereza kwenye ndege za mabomu, zaidi ya elfu moja.

Na rada nayo akapewa yeye. Kulikua na chombo cha mkiani kinaitwa Monica, kinalia kikihisi ndege nyuma yenu. Safi kabisa, mpaka Wajerumani wakatengeneza mtambo wa kufuata mawimbi ya Monica yenyewe, ikawa kile kinachokuonya ndo kinachokuita mwindaji. Waingereza walikuja kulijua hilo Julai 1944 pale ndege moja ya Kijerumani ya kuwinda usiku, Ju 88, ilipopotea njia ikatua yenyewe Woodbridge, Uingereza, na mitambo yake yote mizima. Monica zikang'olewa.

Kwa upande wa Wamarekani, wa redio kwenye B-17 alikua na chumba chake katikati ya ndege, mlango wake wa mbele unafungukia pale mabomu yalipotundikwa. Mabomu yakishadondoshwa yeye ndo anafungua mlango kuchungulia kama yote yametoka, maana likibaki moja limening'inia mnarudi nalo. Yeye tena anamwaga vile vikaratasi vya foili vya kuchanganya rada za adui, mara nyingi kamera ya sakafuni ni yake, na huduma ya kwanza kwa majeruhi mara nyingi anaangukiwa nayo yeye. Mkiwa mnaanguka baharini watu wa nyuma wanakusanyika chumbani kwake, wanakaa chini wameegemeana migongo, yeye bado anagonga SOS, mwisho kabisa anaifunga ile funguo ya Morse ibaki imebonyezwa ili vituo vya pwani vipate muda wa kupima mlipo, alafu ndo anajishika.

SWALI: Kaka, ule mpira wa kioo chini ya tumbo la ndege, mtu aliingiaje? Na ndege ikitua bila magurudumu? Naskia ndo kilikua kiti cha kifo. (Dada wa Maswali)

JIBU: Dada yangu, kiti cha mateso ndio, cha kifo hapana, subiri nikueleze. Ule mpira uliobuniwa na kampuni ya Sperry hauingiliki mkiwa ardhini hivi hivi, rashasha mbili zimelala na mlango wake uko nje. Ndege ikishapaa, anauzungusha kwa mkono mpaka rashasha zinaangalia chini wima, hapo mlango unajitokeza ndani ya ndege, anaingia, anafungiwa. Ndani amejikunja kama mtoto tumboni, mgongo chini, magoti karibu na kifua, miguu iko juu pande mbili za kioo cha kulengea na anatazama katikati ya miguu yake mwenyewe. Bunduki zimepita karibu sana na masikio. Walichagua watu wafupi, na hata hao parachuti haikuenea, wengi waliiacha juu ndani ya ndege, kwaiyo likitokea la kutokea lazima kwanza uuzungushe mpira, utoke, uvae, ndo uruke.

Lakini hesabu za majeruhi za Wamarekani zinaonyesha huyu wa kwenye mpira alipigwa mara chache kuliko wenzake wa madirishani. Sababu ni rahisi, amejikunja, ni mdogo, wakati wale wa madirishani wamesimama wima na ubavu wa ndege ule ni bati jembamba tu. Kuhusu kutua kwa tumbo, ndio, ilikua hatari kama mpira umekwama na mtu yuko ndani, ila taratibu ni kwamba anatoka mapema kabla ya kutua, na kulikua na vifaa vya kuufungua mpira wote udondoke.

Aliekua na hali mbaya kwa maoni yangu ni yule wa mkiani kwenye Lancaster. Amekaa peke yake, mbali na wenzake, milango miwili imefungwa nyuma yake, parachuti haipo ndani, imetundikwa nje kwenye mwili wa ndege. Anazungusha kibanda chake kushoto, kulia, kushoto, kulia, usiku kucha anatazama giza. Wengi walikua wanatoa kabisa kioo cha mbele, maana doa dogo la uchafu kwenye kioo gizani linafanana na ndege ya adui na ukikaa unalitazama adui halisi anakufikia. Kwaiyo upepo wa nyuzi 30, 40 chini ya sifuri unampiga usoni kwa hiari yake.

SWALI: Hiyo baridi waliivumiliaje? (Msomaji)

JIBU: Nguo za umeme. Suti yenye nyaya ndani, unachomeka kwenye umeme wa ndege, glavu na viatu pia. Waya ukikatika mguu mmoja unapoa, na za zamani zaidi zilikua zimeungwa kwa namna kwamba kipande kimoja kikifa vyote vinakufa. Bunduki ikikwama ukavua glavu ufanye haraka, ngozi inabaki kwenye chuma. Na mate na pumzi vinaganda kwenye bomba la oksijeni, ndo maana kila baada ya dakika kumi hivi mtu mmoja anaita kwenye intakomu, yani simu ya ndani ya ndege, wa mkiani upo? Nipo. Wa mpira upo? Asipojibu mtu anafuatwa haraka na chupa ya oksijeni, bila oksijeni kwenye mita 8,000 unalewa, unazimia, unakufa, na haiumi hata kidogo.

SWALI: Mzee, mimi ni mchezaji wa gemu za kompyuta za kivita, naona kupiga ndege ya adui ukiwa juu ni kazi ndogo, unalenga mbele yake kidogo inajiingiza yenyewe. Kwa nini hao jamaa walikua wanakosa? (Kijana wa Gemu)

JIBU: Kwasababu kwenye gemu mara nyingi wewe umesimama, mwanangu. Hapa na wewe unakwenda. Risasi ikitoka dirishani kwenda ubavuni inakua tayari imebeba mwendo wa ndege yako kwenda mbele. Na ndege ya adui inayokushambulia lazima ijipinde kukufuata ili pua yake ikuangalie muda wote. Ukijumlisha hayo mawili jibu linawashangaza wengi, kwa shambulio la namna hiyo hutakiwi kulenga mbele yake, unalenga kati yake na mkia wa ndege yako mwenyewe. Wavulana waliozoea kuwinda ndege wa porini walipata shida sana na hilo, ilibidi wafundishwe upya. Shule za Marekani kama ile ya Las Vegas ziliwaanzisha na visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, baadae wanapanda nyuma ya lori linalotembea wanapiga visahani vile vile, ili mwili uzoee kwamba na wewe unasogea. Mwishoni mwa vita walikua hata na ndege maalum zilizovishwa chuma, wanafunzi wanazipiga kwa risasi laini zinazopasuka vipande, ikipigwa taa inawaka kwenye pua yake.

Pamoja na yote hayo walikua wanakosa. Adui anakuja kwa mwendo mkali, yuko mbele yako sekunde mbili tatu, amepita. Na akidondoka, bunduki ishirini za ndege mbalimbali zilikua zinamuelekea, kila mwenye bunduki anaapa ni yeye. Tarehe 17 Agosti 1943 Wamarekani walipoenda Schweinfurt na Regensburg, ndege 60 za B-17 hazikurudi, na waliorudi wakadai wamedondosha ndege 288 za Wajerumani. Kumbukumbu za Wajerumani wenyewe zinaonyesha hazikufika 30. Sio kwamba walikua waongo, kila mmoja aliona kweli ndege inaungua mbele ya bunduki yake.

Sasa wa usiku ndo tofauti kabisa. Kwenye Lancaster mtu wa rashasha mzuri ni yule anaeona kwanza, sio anaepiga sana. Wapo waliomaliza safari zao zote 30 bila kumfyatulia adui risasi hata moja, na wenzao waliwathamini mno. Ukifyatua, moto wa bunduki unaonekana na kila aliekua hajakuona sasa kakuona, alafu rashasha zao za milimita 7.7 hazikufika mbali, mzinga wa Mjerumani wa milimita 20 unakupiga akiwa bado nje ya uwezo wako. Kwaiyo silaha yake hasa ilikua sauti. Akiona kivuli tu anapiga kelele kwenye intakomu, jipinde kushoto, sasa! Na rubani haulizi kwa nini, hata kama yeye ni ofisa na anaemwamrisha ni sajenti wa miaka 20, analaza bawa, anashuka, anapanda, anageuka upande wa pili, anashuka tena. Mara nyingi Mjerumani akiona ameonekana anaachana nao anaenda kutafuta ndege nyingine ambayo watu wake wamechoka.

Mpaka Wajerumani walipobuni kitu kibaya, mizinga iliyofungwa kuelekea juu. Kuanzia 1943 rubani wa usiku anapita taratibu chini ya Lancaster, kule ambako hakuna bunduki wala jicho, anapiga tangi za mafuta kwenye bawa, anaondoka. Ndege inalipuka na watu wa rashasha hawakuona hata cheche. Makao makuu yalichelewa sana kuwaambia vijana wao waangalie chini, na hilo mimi siwasamehei.

SWALI: Tupe mashujaa, baba. Kila siku marubani tu. (Mjukuu wa Mwanajeshi)

JIBU: Haya, ntakupa wachache kwa kirefu kuliko wengi kwa majina.

Forrest Vosler alikua mtu wa redio kwenye B-17, tarehe 20 Desemba 1943 juu ya Bremen. Kombora lilimjeruhi miguuni, akaendelea kushika bunduki yake. Mwenzake wa mkiani akapigwa vibaya, Vosler akaendelea kupiga ili pengo la nyuma lizibwe kidogo. Kombora la pili likampiga kifuani na usoni, vipande vikaingia machoni, haoni zaidi ya ukungu. Rubani anasema tunaenda kutua baharini, na redio imekufa. Vosler akaitengeneza kwa kupapasa, kwa vidole, macho hayapo, akatuma ishara za kuomba msaada. Ndege ikatua kwenye maji ya Bahari ya Kaskazini, akatoka akasimama juu ya bawa akamshika yule majeruhi wa mkiani asiteleze majini mpaka boti la mpira likafika. Jicho moja likatolewa, la pili likaja kuona tena, na Rais Roosevelt akamvalisha nishani ya juu kabisa ya nchi yao.

George Thompson, mtu wa redio wa Lancaster, siku ya mwaka mpya 1945 juu ya mfereji wa Dortmund-Ems. Ndege ikawaka ndani, akapita kwenye moto akamtoa wa mgongoni, akazima nguo zake kwa mikono mitupu, akarudi tena akamtoa na wa mkiani, nae vile vile kwa mikono ile ile iliyokwisha kuungua. Alafu akatambaa mpaka mbele kutoa ripoti kwa rubani, na rubani hakumtambua kwa jinsi alivyoungua. Mmoja kati ya wale wawili alipona. Thompson alifariki tarehe 23 mwezi huo huo.

Na Andrew Mynarski wa Kanada, wa rashasha za mgongoni, Juni 1944 wakielekea Cambrai, Ufaransa. Ndege inaungua, rubani kasema rukeni, yeye anageuka anaona mwenzake wa mkiani, Pat Brophy, kanasa, kibanda hakizunguki. Akapita kwenye moto wa mafuta, akahangaika na shoka, akahangaika na mikono, nguo zake zinawaka, mpaka Brophy mwenyewe akampungia aondoke. Mynarski akarudi nyuma kinyumenyume mpaka mlangoni, akasimama wima, akapiga saluti, akaruka. Alikufa kwa majeraha ya moto. Brophy akabaki ndani, ndege ikagonga chini, mti ukaing'oa ile sehemu yake, akatoka mzima, na bila yeye hakuna ambae angejua.

Kuna na Maynard Smith wa Marekani, wa mpira wa chini, safari yake ya kwanza kabisa, Mei 1943, ndege ikashika moto, watatu wakaruka, yeye akabaki anazima moto karibu saa moja na nusu, akipumzika anashika rashasha za madirishani, akiona adui kapita anarudi kwenye moto, chupa za kuzimia zilipoisha akaukojolea. Waziri wa vita alipokuja kumpa nishani wakamtafuta hawamuoni, kumbe yuko jikoni anatumikia adhabu.

SWALI: Kuna mtu aliruka bila parachuti akapona au ni hadithi za vijiweni? (Mbishi)

JIBU: Sio hadithi. Nicholas Alkemade, wa mkiani kwenye Lancaster, Machi 1944 wakirudi kutoka Berlin. Parachuti yake iliungua, akachagua kuanguka kuliko kuungua, mita kama 5,500. Misonobari ikampokea, alafu theluji, akateguka mguu. Wajerumani walimuona jasusi anaedanganya mpaka walipoenda kukagua mabaki ya ndege wakakuta kweli vyuma vya parachuti yake vimeungua humo.

SWALI: Kulikua na watu weusi kwenye hizi kazi? (Msomaji)

JIBU: Walikuwepo, hasa upande wa Uingereza, kutoka makoloni. Billy Strachan wa Jamaica alijiunga 1940, akafundishwa redio na rashasha, akamaliza safari zake 30, na baada ya hapo akaomba kusomea urubani akawa rubani wa mabomu. Johnny Smythe wa Sierra Leone nae aliruka kwenye ndege hizi ila yeye alikua navigeta, akadunguliwa 1943 akakaa mateka mpaka vita inaisha.

SWALI: Mnawasifia sana. Waliokua wanadondoshewa je? (Mama wa Watatu)

JIBU: Mama, uko sahihi kuuliza. Hamburg mwishoni mwa Julai 1943 walikufa zaidi ya watu 30,000, wengi wao kwenye usiku mmoja wa moto, na wengi walikua raia. Dresden Februari 1945 idadi inafika 25,000. Kabla ya hapo Wajerumani walishafanya hivyo Warszawa, Rotterdam, London, ila hilo halimrudishii mtu mtoto wake. Kwenye ndege nzima alietazama matokeo kwa muda mrefu zaidi ni wa mkiani, rubani ameshageuza pua kuelekea nyumbani, yeye amekaa anaangalia mji unaungua mpaka zaidi ya kilometa mia. Hata Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ni hivyo hivyo, George Caron wa mkiani ndo alikua anatazama wakati wengine wamegeuka, amepewa kamera, picha ya lile wingu aliipiga yeye, na ripoti ikarushwa kwa siri na kijana wa redio wa miaka 20, Richard Nelson. Wapo waliolala vizuri maisha yao yote na wapo ambao hawakulala, na sioni kama ni kazi yangu kuwapangia.

SWALI: Ni kweli walibeba njiwa? (Mtoto wa Babu)

JIBU: Kweli, mwanzoni mwa vita, Waingereza, na mara nyingi alietunza kisanduku chao ni mtu wa redio. Februari 1942 ndege moja aina ya Beaufort ilianguka baharini, redio haikufanikiwa kutaja walipo, njiwa wao akaponyoka amelowa mafuta akaruka kama kilometa 190 mpaka kwao Scotland. Wakapiga hesabu ya muda na upepo wakajua ametokea wapi, watu wakaokolewa. Njiwa alipewa nishani mwaka uliofuata.

SWALI: Mzee umesema mwenyewe wanakosa, bunduki hazifiki, na adui anapita chini. Kwa nini basi hawakuzitoa hizo rashasha na watu wake wakapunguza vifo? (Mchumi)

JIBU: Kuna aliesema hivyo hivyo wakati ule ule. Freeman Dyson, kijana wa hesabu aliekua makao makuu ya ndege za mabomu za Uingereza, alipendekeza Lancaster zing'olewe vibanda vya rashasha, ziende haraka zaidi, na ikidunguliwa wafe watano badala ya saba. Na mfano ulikuwepo, Mosquito, ya mbao, watu wawili, haina rashasha hata moja kwenye aina ya mabomu, ilikua inakimbia tu, na ilipotea mara chache mno kuliko Lancaster. Hawakumsikiliza. Kati ya watu 125,000 walioruka kwenye kamandi ile, 55,573 walikufa, na ile Lancaster ilikua ngumu sana kutoka ikishapigwa, tundu la dharura dogo, gizani, na nguo zote zile.

Mimi nadhani Dyson alikua sahihi nusu. Bunduki zingetoka bila hasara kubwa, macho yasingetoka. Ukiondoa kibanda ukamwacha mtu mmoja na dirisha zuri la kuangalia nyuma na chini, na intakomu, ungebakiza sehemu kubwa ya kazi yake. Ila nani angekaa pale masaa nane mikono mitupu? Bunduki ilimpa yule kijana sababu ya kukaa macho.

Wamarekani walifika huko kwa njia yao. B-29, ndege yao kubwa zaidi ya mabomu, ilikua na rashasha zinazoendeshwa kutoka mbali, mtu amekaa pembeni ya kioo na kompyuta ya wakati ule inampigia hesabu ya kulenga, alafu Machi 1945 jenerali wao LeMay anaamrisha nyingi ya hizo rashasha zitolewe ili mabomu yajae zaidi kwenda Tokyo usiku. Wa redio huko huko kwenye B-29 wakaendelea kuhitajika, Henry Erwin mwezi uliofuata alibeba kwa mikono bomu la fosforasi lililolipukia ndani, uso na nywele vinaungua, akalitupa nje kupitia dirisha la mbele, na madaktari walikua na uhakika atakufa mpaka nishani yake ikaharakishwa ndani ya siku saba. Aliishi mpaka 2002.

Wa mkiani ndo walidumu. B-52, ndege ya mabomu ya Marekani ya baada ya vita, ilimbeba hadi vita ya Vietnam, na Desemba 1972 wawili kati yao walihesabiwa kuwa wamedondosha MiG-21, ndege za kivita za adui. Hata hivyo makombora yalishakua na mwendo ambao jicho la mtu halina msaada nao, na tarehe 1 Oktoba 1991 Marekani wakaifuta rasmi nafasi yake kwenye ndege.